Romani za Wauaji: Tuzisome Namna Gani?

Kuna swali moja linalorudi kila mwaka katika seminari zetu, nalo lafaa kujibiwa wazi. Waseminari wauliza kama ni vema kusoma romani za giza, maana yake vitabu vya hadisi vinavyoeleza mauaji, sumu, na mawazo ya mtu anayeua. Vitabu hivi vyapita mkono kwa mkono, vingi kwa luga ya Kifaransa. Vingine vimepoteza jalada, vingine kurasa za mwisho zimeng'oka, jambo la kuhuzunisha sana kwa kitabu ambamo muuaji ajulikana kwenye ukurasa wa mwisho! Wakubwa wengine wasema: vitupwe motoni. Wengine wasema: ni michezo tu, viacheni. Sisi hatukubaliani na hawa wala na wale. Tangu mwaka 1966 ile Orodha ya vitabu vilivyokatazwa haina tena nguvu ya sheria katika Eklezya. Sherti kila msomaji achague kwa akili na zamiri yake. Na hakuna awezaye kuchagua asipojua tofauti, kwa sababu romani hizi haziko za namna moja.

Kwanza tuziweke kando zile zisizotupa taabu. Vitabu vya bibi Agatha Christie wa Uingereza ni mafumbo. Mwandishi aficha, msomaji atafuta, na akili ikishinda au ikishindwa, kitabu kimekwisha. Padri mmoja wa Uingereza, Monsinyori Ronald Knox, yule aliyetafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza, aliandika naye romani za namna hii, na mwaka 1929 akazitungia amri kumi: mizimu isitumiwe kueleza mambo, sumu isiyojulikana na mtu isitumiwe, njia za siri ndani ya nyumba zisizidi moja. Amri za kuchekesha, lakini zaonyesha vizuri kwamba kitabu cha namna hii ni sawa mchezo wa kisolo. Maiti iliyo ndani yake ni kete tu. Asiyekuwa na mtihani kesho aweza kucheza.

Kuna pia vitabu vya biashara ya damu. James Hadley Chase alitoa mwaka 1939 hadisi ya msichana tajiri aliyenyakuliwa na majambazi wa Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa Mwingereza, na luga ya majambazi wale aliitoa katika kamusi. Kitabu kiliuzwa sana, na vingine vingi vilikifuata, hata leo vyauzwa chini kando ya njia katika miji mingi ya Afrika. Hapa twasema bila kuzunguka: ni hasara ya mafuta ya taa. Si kwa sababu damu ni nyingi. Kitabu cha Waamuzi nacho kina damu, tena ya kutisha. Ni kwa sababu ndani ya watu wale hamna mtu. Wapiga, wapigwa, waanguka, na msomaji afungua ukurasa mwingine akitaka pigo kubwa kupita lile la kwanza.

Zabaki romani za namna ya tatu, nazo ndizo tunazotaka kuzisemea: zile zinazoingia ndani ya moyo. Humo muuaji hatafutwi tu, asikilizwa. Nabii Natani alitumia njia hiyo mbele ya mfalme Daudi. Hakumtaja Uria wala mke wake. Alimwambia hadisi ya tajiri aliyenyang'anya kondoo mmoja wa maskini. Daudi akakasirika, akakata hukumu, kisha akaonyeshwa kwamba hukumu ile ni yake mwenyewe. Romani nzuri ya giza yafanya kazi ile ile. Msomaji aanza kwa kumhukumu mgeni, na katikati ya kitabu aona kwamba mgeni yule afanana naye kidogo.

Tuanze na ile ambayo mpelelezi wake ni padri. Mwingereza G. K. Chesterton alitoa hadisi ya kwanza ya Padri Brown mwaka 1910, miaka 12 kabla ya kuingia mwenyewe katika Eklezya Katolika. Padri Brown ni mfupi, ana uso wa duara, abeba mwavuli unaomwanguka kila mara. Chesterton ameeleza alimtoa wapi. Alikuwa na rafiki, Padri John O'Connor wa Yorkshire, na siku moja katika mazungumzo akashangaa kuona padri yule ajua maovu ya watu kupita yeye aliyeishi London. Siku ile ile vijana wawili wa chuo kikuu cha Cambridge walimsifu padri kwa elimu yake, kisha padri alipotoka chumbani wakasikitika kwamba watu kama yeye wafungiwa ndani, hawajui ubaya wa dunia. Chesterton alikaribia kucheka kwa sauti. Mbele ya padri yule, vijana wale walikuwa sawa na watoto wachanga. Basi akaandika hadisi ambamo watu wote wenye akili wamzania padri ni mjinga, naye peke yake ndiye ajuaye, kwa kuwa saa nyingi za maisha yake amekaa akisikiliza zambi za watu.

Katika hadisi hizo kuna moja ambayo tungependa kila katekista aisikie. Imo katika kitabu cha mwaka 1926, na ndani yake mna mbwa. Koloneli mzee auawa katika kibanda cha bustani yake, karibu na bahari, wala hakuna aliyeonekana akiingia. Karibu na saa ile mbwa, aliyekuwa akicheza pwani na vijana, atoa kilio cha huzuni. Baadaye mbwa huyo huyo ambwekea kwa hasira mwanasheria wa familia, na watu wote wakata shauri: mbwa amejua saa ya kifo cha bwana wake, na sasa amemtaja muuaji. Padri Brown asikia habari hizi akiwa mbali, na kwanza achukizwa. Kisha auliza juu ya fimbo. Vijana walikuwa wakimtupia mbwa fimbo majini azilete. Fimbo za mti hazizami, lakini moja ilizama. Kumbe ndani yake mlikuwa upanga, ndiyo silaha yenyewe, na aliyeitupa alitaka kuipoteza. Mbwa alilia kwa sababu aliogelea hakuona fimbo. Na mwanasheria alibwekewa kwa sababu mbwa na mtu yule hawakupendana, basi.

Wenye kufanya kazi vijijini wataelewa mara moja kwa nini twakaa juu ya hadisi hii. Kwetu mtoto akifa gafula, mbwa huyo hakosi. Mara ni ndoto ya shangazi, mara ni mganga anayetazama katika maji, mara ni mtu anayejiita mtumishi wa sala. Na kidole chaelekea kwa mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au kwa yatima aliyelelewa kwa huruma. Mwanamke afukuzwa, nyumba yachomwa, yatima alala sokoni. Tumeyaona haya mijini kama vijijini. Padri Brown afundisha maswali matatu madogo: nani alisema neno hili kwanza? Macho ya mtu yaliona nini hasa? Na nani apata faida? Anayemwamini Mungu hana lazima ya kuamini kila kilio cha mbwa.

Mwaka 1927, katika kitabu kingine, Padri Brown aulizwa siri ya akili yake. Ajibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaua watu wale wote. Maana yake, alikaa akafikiri mawazo ya muuaji, akavaa hasira yake na woga wake na tamaa yake, mpaka akawa sawa naye katika kila kitu, isipokuwa kukubali tendo la mwisho. Aliita jambo hili zoezi la roho. Tungetaka mahali hapa pasomwe polepole. Hadisi zote hazina uzuri mmoja, yatupasa kusema hivyo. Katika vitabu vya mwisho watu wamekuwa wembamba sawa karatasi, na mwandishi apenda mno kugeuza maneno kichwa chini. Lakini wazo hili moja lina nguvu kupita hadisi zenyewe.

Kutoka kwa Mwingereza huyu mwenye kicheko twapita kwa Mrusi asiyecheka sana. Dostoevsky alitoa kitabu chake cha uhalifu na azabu mwaka 1866, naye alijua alichokisema: mwaka 1849 alikuwa amehukumiwa kufa kwa mambo ya siasa, akasimamishwa uwanjani tayari kupigwa risasi, akasamehewa mara ya mwisho, akafungwa miaka minne huko Omsk, Siberia, kati ya wauaji wa kweli. Katika kitabu hiki mwanafunzi maskini, Raskolnikov, amuua kwa shoka mwanamke mzee anayekopesha feza kwa rehani, kisha ndugu yake aliyeingia bila kutazamiwa. Kitabu kina sehemu sita, na mauaji yamekwisha katika sehemu ya kwanza. Tano zilizobaki ni nini? Ni mtu asiyeweza kusema. Waseminari wapenda kubishana juu ya mafundisho yake ya kiburi, kwamba watu wakubwa wana ruhusa ya kuvuka sheria. Sisi twaona jambo dogo lina uzito zaidi: mali aliyoiba aliificha chini ya jiwe, wala hakuitumia hata kidogo, hakujua hata ni kiasi gani. Aliua kwa feza, kumbe hakutaka feza. Alipokutana na mama yake, mama aliyempenda, ulimi ulifungwa. Wa kwanza kuambiwa ni Sonya, msichana aliyeuza mwili wake kwa kulisha wadogo zake, yule aliyekuwa amemsomea habari za Lazaro. Juji anamjua, naye amngoja. Amwacha aje mwenyewe. Kitabu ni kirefu, majina ya Kirusi yasumbua, na mwisho wake umefupizwa mno. Lakini anayekwenda kuwa padri asikose kukisoma mara moja.

Sasa twafika kwa kitabu tunachokipenda kupita vyote, nacho ni chembamba. François Mauriac, Mkatoliki wa Bordeaux, alikuwa kijana wa miaka 20 alipohuzuria tribinali ya mwanamke mmoja, mwaka 1906, aliyeshitakiwa kumpa mume wake sumu. Uso ule haukumtoka. Mwaka 1927 alitoa Thérèse Desqueyroux. Thérèse ni mke wa tajiri katika nchi ya misonobari. Mume wake, Bernard, si mkatili. Ni mtu wa kula vizuri, kuwinda, na kuhesabu miti. Atumia dawa ya matone yenye arseniki ndani yake. Siku moja msitu wawaka moto, watu wote wanahangaika, na Bernard, akili yake ikiwa kwenye moto, anywa matone mara mbili. Thérèse amwona. Hasemi neno. Kuna joto, amechoka, hana nguvu ya kufungua kinywa. Usiku Bernard augua. Na toka ukimya ule, uliokuwa uvivu tu, Thérèse aingia kidogo kidogo katika kosa kubwa.

Tumesoma vitabu vingi vya maadili vinavyogawanya zambi ya kutenda na zambi ya kutotenda. Hatujaona mahali pengine panapoonyesha hivyo mpaka kati yao ulivyo mwembamba. Pale hamna shetani mwenye pembe. Kuna glasi, mtu anayenywa, na mtu anayetazama.

Lakini uzito wa kitabu uko mahali pengine. Hadisi yaanza wakati kesi imekwisha. Familia imesema uongo kwa kulinda jina lake, juji ameifunga, Thérèse arudi nyumbani. Ndani ya treni, usiku, atengeneza maneno atakayomwambia Bernard. Ataanza utoto wake, atasema yote, hataficha kitu; labda ataelewa, labda atasamehe. Karibu nusu ya kitabu ni maungamo haya yanayotengenezwa gizani. Afika, afungua mlango, na mara amtazamapo Bernard aona kwamba hakuna nafasi hata ya neno moja. Bernard amekwisha kata shauri. Ana amri za kumpa: atakula wapi, atakwenda Misa siku gani kusudi watu wamwone. Maneno yote yamekufa kinywani.

Mapadri wenzetu, tuseme ukweli: ni mara ngapi mtu ameingia katika kiti cha maungamo na treni nzima kichwani, nasi tumemkatisha kwa kumwuliza ni mara ngapi? Watu ni wengi, ni vigilia ya sikukuu, tumechoka. Bernard naye alikuwa amechoka.

Mauriac hakumaliza na mwanamke huyu. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha pili juu ya miaka yake ya mwisho, na katika utangulizi ameeleza jambo la ajabu. Alikuwa ameandika kurasa ambamo Thérèse apatanishwa na Mungu, kisha akazipasua, kwa sababu hakumwona katika mawazo yake padri ambaye angeyapokea maungamo yake. Mwandishi Mkatoliki, baadaye mwenye tuzo la Nobel la 1952, katika nchi yenye mapadri maelfu, atafuta padri mmoja wa kumsikiliza muuaji wake, asimwone! Aongeza kwamba baadaye, huko Roma, alimpata, na kwamba labda siku moja ataeleza kwa kurasa chache. Twajua wengine wameona ni maneno ya ufundi tu ya mtunzi. Sisi twayachukua kwa uzito.

Mbelgiji Georges Simenon, mzaliwa wa Liège mwaka 1903, alikuwa mtumikiaji wa Misa alipokuwa mtoto, akasoma kwa Mayezuiti, kisha akaiacha imani. Mwaka 1932 alipita katika Kongo yetu na kuandika kwa ukali juu ya utawala wa wakoloni. Komiseri wake, Maigret, aliyemwandikia romani 75, hana akili ya Padri Brown. Akaa kwenye meza, avuta kiko, anywa bia, angoja mpaka harufu ya nyumba imwingie. Simenon asema kwamba Maigret, alipokuwa kijana, alitamani kazi isiyokuwako: mtu wa kutengeneza maisha ya watu yaliyoharibika, nusu daktari, nusu padri. Kwa mwenye kuanza, Maigret ni njia nzuri, na Kifaransa chake ni chepesi.

Lakini Simenon ana vitabu vingine visivyo na Maigret, vyenye giza nene. Kile cha theluji chafu, cha mwaka 1948, chamweleza Frank, kijana asiyefika miaka 20, mtoto wa mama mwenye nyumba ya malaya, katika mji uliotawaliwa na jeshi la kigeni. Frank aua bila sababu. Na usiku ule jirani mmoja, mzee Holst, mwenye kuendesha tramu, apita njiani. Frank akohoa kusudi Holst ajue ni yeye. Kwa nini? Hana baba. Atafuta mtu mzima mmoja wa kumtazama na kujua. Afanya hata ubaya mkubwa kupita huo, juu ya binti wa Holst mwenyewe, na mwisho, gerezani, ni Holst anayekuja kumwona. Kitabu hiki hatungempa mseminari wa miaka 16. Padri wa gereza, ndiyo. Simenon alikuwa na neno lake: kuelewa bila kuhukumu. Sisi hatuwezi kulichukua zima, maana padri katika kiti kile ni juji pia. Lakini wengi wetu tumechukua nusu ya pili tu, tukahukumu kabla ya kuelewa.

Tusifiche hatari. Patricia Highsmith wa Marekani alitoa mwaka 1955 kitabu cha Tom Ripley, kijana mwerevu amuuaye rafiki tajiri ndani ya mashua na kuvaa nguo zake na jina lake. Kimeandikwa vizuri sana, na ubaya uko pale pale. Polisi wakaribia, na msomaji ajishika akiomba Ripley aokoke! Ripley hasikilizwi na mtu, wala hataki kusikilizwa; zamiri yake ni woga wa kukamatwa, si zaidi. Anayesoma mara moja na kujiuliza "kwa nini nilimtakia heri?" amejifunza kitu juu ya moyo wake mwenyewe. Anayetafuta cha pili, cha tatu, cha nne kwa utamu ule ule, aache. Na mapadri wajichunguze: anayezoea kuonja zambi za watu katika vitabu aweza kuanza kuzionja katika maungamo, akauliza maswali yasiyo ya lazima. Hiyo kwetu ni alama ya kukifunga kitabu, kupita hesabu yoyote ya maiti.

Graham Greene, aliyekuja mwaka 1959 kukaa kati ya wakoma wa Yonda karibu na Mbandaka, ametupa katika Brighton Rock (1938) yule padri ambaye Mauriac hakumwona. Si mtakatifu wala mwerevu. Ni mzee mwenye mafua, nyuma ya wavu. Msichana Rose, mjane wa muuaji wa miaka 17, aja bila majuto, ataka kupotea pamoja na mume wake. Mzee hamkatizi. Amwambia machache juu ya huruma ya Mungu, ambayo hakuna awezaye kuipima, apiga chafya, ampa baraka.

Wengine watatuambia kwamba haya yote ni ya Ulaya. Si kweli. Mkongomani Achille Ngoye alitoa romani yake katika Série noire ya Paris mwaka 1996. Na kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo Bwana Msa apeleleza mauaji mahali pa mizimu, wala haiamini mizimu hiyo. Yeye na Padri Brown wangeelewana vizuri. Mwenye kutaka giza la moyo lenyewe amtafute Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi nchini Tanzania: Rosa Mistika, cha mwaka 1971, juu ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake alimlinda kwa fimbo. Kiswahili chake si chetu cha Kongo, lakini chasomeka bila kamusi. Katekista mwenye mabinti nyumbani aanze na hicho.